Maneno Yasiyotamkwa Mbele ya Mkwe

Mkwe wangu alikuwa na kalamu moja ya risasi asiyompa mtu. Aliichonga kwa wembe, polepole, kwa mikono ile ile iliyotengeneza saa za watu zamani alipokuwa na kibanda chake Bondeni, na ikifupika mpaka haishikiki aliichomeka kwenye kifuniko cha kalamu ya wino ipate kurefuka. Kila Jumapili baada ya alasiri alitoka nayo sikioni, akaketi pembe ya kulia ya barza ya nyumba yake, Mji wa Kale, akangoja gazeti limfikie likiwa limeshapita mikono ya wote. Siasa, mpira na vifo vilikuwa vya watu. Ukurasa wa fumbo la maneno ulikuwa wake.

Nilikaa naye kwenye barza ile karibu miaka yote ya tisini, na bado naijua mikono yake kuliko uso wake. Sikuwa nikimtazama. Aliyeoa pwani hahitaji kuelezwa sababu, lakini kwa asiyejua niseme: mkwe ni mtu wa kustahiwa. Huli ukashiba mbele yake, hucheki ukaonyesha magego, hunyooshi miguu, hutaji maradhi yaliyo chini ya kitovu. Mimi nilizidisha. Choo cha nyumba ile nilikuwa sijui kiko wapi. Nimeolea pale, nimekula Idi pale, mwanangu wa kwanza kapewa jina pale, na nikibanwa na haja nilikuwa nikiaga kwamba nakwenda kutazama saa ya msikiti, nikaenda kujisitiri huko. Zuhura, mke wangu, alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Saa ya msikiti ina nini hata uitazame mara zote hizo?"

Aliyezaliwa mle ndani angeweza kucheka. Mimi ni Mduruma wa Kinango, karani wa mizani gatini Mbaraki, kazi yangu ni kupima malori yakiingia na kuyapima yakitoka. Hapana aliyenitukana kwa hilo. Watu wa Mji wa Kale hawatukani, wao huuliza. "Kwenu ni wapi vile?" Nikijibu Kinango, watasema, "Mashallah, kule kuna mahindi mazuri," kisha mazungumzo yatageukia pengine. Mahindi yale yalinikaa kooni kwa miaka. Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo tu: nilitaka mzee yule ajue kuwa binti yake hakuolewa na gunia.

Na yeye alikuwa haniambii neno moja kwa moja. Akitaka nisogee, atamwambia Zuhura, "Mwambie mumeo hapo pana jua." Akitaka kunikaribisha kahawa, atamwambia muuza kahawa, "Na huyu bwana, mtilie." Hata tulipokwenda ufukweni Mama Ngina jioni ya Idi kula muhogo wa kuchoma, sisi wawili tulikaa mwisho na mwisho wa kikuta kimoja, Zuhura na watoto katikati, utadhani watu waliogombana. Hatukugombana. Tulikuwa tukiheshimiana, na heshima ilikuwa imetuziba midomo.

Fumbo ndilo lililokuwa likisema. Alikuwa na mafunzo yake, na mafunzo yote alimpa Athmani, jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani aliyestaafu na mtani wa kila mtu. Athmani hakuyataka. Alikuwa akija barzani kwa kahawa na umbeya. Lakini mkwe wangu alimwambia vile vile, Jumapili baada ya Jumapili, na mimi nikikaa kando na macho yangu kwenye kandambili nilikuwa nayanywa yote.

"Neno la Kiswahili lamalizikia mdomo wazi," alikuwa akisema. "Kisanduku cha mwisho si cha kukuhangaisha. Ni a, e, i, o, u. Na likiwa ni tendo, tia a, uende zako."

"Na nikitia a ikakataa?"

"Basi ni tendo la Kiarabu. Wao hufunga safari wapendavyo. Samehe, safiri, haribu. Wageni hao, wachukulie."

Alikuwa na neno jingine, kwamba swali likiulizwa kwa wingi, jibu nalo huja kwa wingi, na hapo mara nyingi herufi ya kwanza umeshapewa bure. Vyombo vitaanza na v, watu wataanza na w. "Lakini nyuki ni nyuki," aliongeza, "akiwa mmoja au akiwa mzinga mzima. Nyuki haringi." Alikuwa akisema pia kwamba pwani kila kitu kina jina la mwenyeji na jina la mgeni, kwa hivyo ugonjwa ukikataa kuingia, bisha hodi kwa maradhi. Na anze mtu na maneno mafupi, kwa sababu marefu yanajifungua yenyewe yakishapata herufi mbili tatu za kushikilia. Ukikwama, liache. Nenda ukatawadhe, nenda ukale, jibu litakuja ukiwa hulitaki.

Lililokuwa likinichoma ni lile la kupenda neno kwa haraka. Mtu anaona swali, anapata jibu linaloenea visanduku, anaandika, kisha fumbo zima linapinda kwa sababu ya jibu moja hilo. "Usilipose neno," alisema mkwe wangu, "kabla hujajua jirani zake." Kila aliposema hivyo nilihisi damu inapanda masikioni. Sikuwahi kujua kama alinikusudia mimi. Athmani alikuwa akijua, maana alikuwa akinitazama kwa pembeni na kutabasamu ndani ya kikombe.

Maneno yenyewe aliyaokota kwa wenye kazi zao. Alikuwa akienda soko la samaki akiulizia majina, hiki chaitwaje, na kikiwa kidogo chaitwaje, na pezi hili lina jina, mpaka muuza samaki mmoja akamwambia mbele yangu, "Mzee, wanunua au wasoma?" Alinunua changu mmoja, kwa aibu, na njia nzima akarudia chini kwa chini jina la lile pezi. Kamusi alikuwa akiidharau. Kamusi, alisema, ni mkongojo wa mwenye miguu mizima.

Lakini kamusi alikuwa nayo. Zuhura aliniambia, imefungwa ndani ya shuka la Idi, juu ya kabati. Jumapili zenye fumbo gumu mkwe wangu alikuwa akisimama ghafla, akasema anakwenda kutia udhu, akaingia ndani, kisha akarudi mikono mikavu na jibu tayari. Barza nzima ilikuwa ikijua na hakuna aliyesema, ila Athmani, ambaye kwake heshima ilikuwa kama chumvi, aliitia kwa kipimo.

"Leo udhu wako haukai, shekhe," alisema. "Kila swali moja umekutoka. Umekula nini?"

Wazee wenzake wakacheka. Mimi nilitaka barza ipasuke initie ndani. Neno kama lile, juu ya mkwe wangu, na mimi nipo, na ameniona kwamba nimesikia. Nikaenda kutazama saa ya msikiti.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi. Kimvita chake alikipenda kuliko watoto wake walioko Maskati, na gazeti lilipouliza viungo vya kuonea, visanduku vitano, alikasirika kana kwamba amepunjwa. "Mato," alisema. "Visanduku vinne vyatosha. Hawa wametuongezea kisanduku kisicho na kazi." Akaandika macho, herufi nzuri zilizonyooka, kwa sababu hakuweza kuacha fumbo lina tundu, kisha pembeni ya gazeti akaandika mato kwa herufi kubwa zaidi. Alikuwa akihubiri subira na alikuwa hana subira. Mtu akimtangulia neno alikuwa akiumia.

Hilo nililijua kwa njia mbaya. Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya harusi, niko na kanzu mpya, nimealikwa barzani kwa mara ya kwanza. Swali lilikuwa chombo cha kuchujia tui, herufi saba. Athmani alisema chujio, likapungua. Mwengine akasema kung'uto, halikukubaliana na u iliyokwishaandikwa mwisho. Mkwe wangu ameweka kalamu mdomoni, macho yamefumba, neno liko njiani linakuja. Nami, mwana wa mwanamke aliyekamua nazi maisha yake yote, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda mbio, "Kifumbu."

Mkwe wangu aliliandika, k-i-f-u-m-b-u, bila kosa. Kisha akaiweka kalamu sikioni, nusu ya fumbo ikiwa tupu, akasema leo jua kali, akaingia ndani.

Kesho yake Zuhura alirudi kutoka kwao na uso uliobadilika. "Umefanya nini barzani? Baba hakugusa chakula."

"Nilisema kifumbu."

"Mbele ya watu?"

"Ndipo walipokuwa."

"Kabla yake?"

Nikatazama kandambili zangu. Zuhura akaketi kitandani. "Basi umemvua kofia hadharani," akasema. "Mkwe hatanguliwi. Si njiani, si kwenye sahani, si kwenye neno. Kwenu hakuna haya?"

Kwetu haya ziko, tena nyingi. Ilikuwa furaha tu, nilitaka kuonekana. Nilikaa na aibu ile wiki nzima, nikipima malori na kuandika uzito wa lori la leo kwenye mstari wa jana. Nikajiapia kwamba mdomo wangu hautalitangulia neno la mzee yule tena, na kiapo hicho nilikitimiza vizuri mno. Nilikaa barzani kama jiwe la barza lenyewe. Aliyeniuliza jibu nilimwambia, "Mimi sijui, tumngoje Baba." Nikilijua neno nilikuwa nikilimeza, na namna yangu ya kulimeza ilikuwa kuinama kufunga kandambili isiyo na kamba.

Matokeo yake yalikuja kupitia kwa mama mkwe, aliyemwambia Zuhura, ambaye aliniambia huku akikunja nguo, hakudhani ni jambo. Mzee alikuwa amesema hivi: "Mume wa Zuhura ni mtu mwema, hana ubaya na mtu. Lakini kichwa chake kizito kidogo, masikini."

Lile masikini ndilo lililonimaliza. Zuhura alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Kwani wewe watakaje?"

"Nataka ajue kuwa ninajua."

"Haya, mwambie basi."

"Siwezi."

"Mwonyeshe."

"Nitamwonyeshaje bila kumtangulia?"

Akafikiri, akaitia kanzu yangu kabatini. "Basi kaa na haya zako," akasema.

Nikakaa nazo. Lakini nilianza kununua gazeti langu mwenyewe. Jumapili nikiwa zamu ya asubuhi nililijaza mle kwenye kibanda cha mizani, lori hadi lori, kwa mafunzo yake yote: mafupi kwanza, mdomo wazi mwishoni, usilipose neno kabla ya kujua jirani zake. Kufika adhuhuri limejaa. Nililikunja, nikalitupa kwenye pipa la gatini, nikaenda nyumbani kuoga, na alasiri nikaketi barzani kuwa mzito. Nilikuwa nikilijua kila neno atakalolitafuta kabla hajachonga kalamu. Wakati mwingine nilijiona mnafiki. Wakati mwingine, niseme kweli, nilijiona mwerevu, na hilo lilinitia aibu zaidi.

Kisha siku moja akakwama, si kukwama kwa kawaida. Kamba nene ya nanga, herufi tano.

"Kamba," akasema Athmani.

"Wataka kulijibu swali kwa swali lenyewe?"

Alikwisha kutia udhu mara ya pili na kamusi haikumsaidia, labda kwa kuwa hakujua aanzie herufi gani. Kalamu ilikuwa ikigonga goti. Nikaona inamponyoka vidoleni, ndipo nikajua kwamba amezeeka. Watu walikuwa wakianza kutazama pembeni, kama watazamavyo mtu akijikwaa. Nikashindwa kuvumilia. Nikamgeukia Athmani, si yeye, nikasema kwa sauti ya mtu anayepiga porojo: "Jana kazini tulichelewa, bwana. Amari ya meli moja ilikatika, meli ikasogea, malori yote yakasimama."

Mkwe wangu hakugeuka. Akanywa funda la kahawa. Akatazama juu kwenye mabati ya nyumba ya pili, akamwacha kunguru mmoja atue na aondoke. Kisha akasema, kana kwamba limemshukia, "Amari." Akaandika. Athmani alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Tangu siku ile Mbaraki kulitokea mambo ambayo hayajatokea bandari yoyote duniani. Nahodha alishuka na kasuku begani. Karani mwenzangu aliugua tetekuwanga akiwa na watoto wakubwa. Tulipima lori la kitani, tukapima lori la ubani, na siku moja niliyokuwa nimebanwa sana niliingiza zumaridi ndani ya shehena ya saruji. Kila mara nilimwambia Athmani. Kila mara mkwe wangu alikunywa kwanza funda lake, akatazama mabati, akamngoja kunguru. Sikuwahi kumtajia neno kavu. Nililivisha nguo, nikalipitisha mlango wa nyuma, akalipokea.

Nyumbani alimwambia Zuhura, "Huyu mumeo kumbe yuwaona mengi kazini." Nilidhani sasa nimefika. Zuhura akamalizia: "Lakini yuwapenda kusema mambo yasiyo na mpango. Kichwa hicho."

Nicheke au nilie. Nilikuwa mzito, sasa nimekuwa mzito mwenye maneno mengi. Na juu ya hayo nilikuwa nikisema uongo kila Jumapili, nimetoka kuswali, mbele ya mzee ambaye hakuna siku alimuuzia mtu saa mbovu akasema nzima.

Jumapili iliyonitoa jasho kuliko zote ni ile ya makalio. Mtunzi wa fumbo lile nadhani alikuwa hana mkwe. Aliuliza sehemu ya mwili ikaliayo kiti, herufi saba, katikati kabisa ya ukurasa. Mkwe wangu alilisoma kwa sauti kabla hajajua anachosoma. Nikaona kalamu imesimama. Hapakuwa na mtu asiyelijua jibu. Hata muuza kahawa alilijua, maana aligeuka akaanza kuosha vikombe vilivyo safi.

"La nne hilo tuliruke," akasema mkwe wangu.

Tukaliruka. Lakini fumbo ni fumbo, kila neno lina jirani zake. Alijaza moja la wima, ikaangukia k. Akajaza jingine, ikaingia o mwishoni. Alijaribu kukimbilia pembe ya chini, na pembe ya chini nayo ilirudi juu na l yake. Mimi niko hatua mbili kutoka kwake, macho kwenye kandambili, naliona lile neno linajengeka herufi kwa herufi katikati yetu kama mgeni asiyebisha hodi. Sikuwa na habari ya Mbaraki ya kulifunika. Mwishowe lilibaki tundu moja tu, na mkwe wangu, mtu asiyeweza kuacha fumbo lina tundu, akachukua kikombe chake cha kahawa akakiweka juu ya neno lile.

Athmani akanyoosha mkono akakiinua. "Kiti hakina wa kukikalia?" akauliza.

Mkwe wangu alikunja gazeti. Mimi nilikuwa nimeshafika msikitini. Fumbo lile, Zuhura aliniambia baadaye, halijakamilika mpaka leo, na mzee alilala akigeuka huku na huku.

Alianguka ngazini mwaka mmoja wakati wa mvua, ngazi zile za Mji wa Kale zilizosimama kama ngazi za kupandia mnazi, akavunjika nyonga. Walimlaza hospitali na mguu umefungwa uzito, hageuki, haketi. Wanawe wa kiume wako Maskati, wakapiga simu. Kwa hivyo zamu ikawa ya mama mkwe na Zuhura, na siku yangu ya mapumziko nikapeleka gazeti.

Niliwakuta wote wawili wanaondoka. Mama mkwe alikuwa anakwenda kuswali adhuhuri, Zuhura kuufuata uji aliouacha ukipashwa kwa rafiki yake karibu na hapo.

"Kaa naye kidogo tu," Zuhura akanambia. "Hana neno."

Nikaketi kwenye kiti cha bati, mbali kiasi cha adabu. Kioo chake cha fundi saa, cha kubana jichoni, ambacho siku hizo ndicho alichosomea maandishi madogo, kilikuwa kimesahauliwa nyumbani. Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ikabidi nimsomee mimi. Kalamu alikuwa nayo mkononi juu ya kifua. Nilisoma la kwanza mlalo. Akajibu, nikamsogezea gazeti, akaandika kwa kubahatisha visanduku. Nilisoma la tano. Halikujibiwa. Nikangoja, nikifikiri habari gani ya Mbaraki nimletee.

"Wima," akasema.

Nilikuwa nasoma mlalo. Nikangoja.

"Wima. Herufi tano. Maji yasiyotekwa kisimani."

Nikalitafuta kwenye gazeti. Nikapitia wima zote, juu mpaka chini. "La ngapi hilo, Baba?"

"Halina nambari."

Nikalitafuta tena. Mtu mwenye adabu hamwambii mkwe wake kwamba swali halipo. Nikadhani ni dawa za maumivu zimemchanganya, na moyo ukaniuma.

"Herufi tano," akasema, na sauti ilikuwa imebana. "Huja bila kuitwa. Wala hayangoji mtu."

Ndipo nikautazama mkono wake, ule ninaoujua. Ulikuwa umekamata shuka. Muuguzi wa zamu alikuwa msichana mdogo, yuko mwisho wa wadi anacheka na mwenzake, na nilijua kwamba mzee yule angekubali kupasuka kabla ya kumwita.

Mazoea yangu yalinitaka niiname nifunge kandambili. Nimngoje, alitamke mwenyewe, mimi sijui, tumngoje Baba. Lakini neno lile hakuwa na uwezo wa kulitamka mbele yangu, na mimi ndiye mtu pekee aliyekuwepo. Nikasimama.

"Ninalijua, Baba," nikasema.

Nikavuta pazia. Ile chupa ya wagonjwa ilikuwa chini ya kitanda. Nikainua shuka kwa kupapasa, uso wangu umeelekea ukutani, uso wake umeelekea dari, nikamsaidia kama nimsaidiavyo mwanangu, ila mwanangu haoni haya. Ilichukua muda kuanza. Kisha ikaanza, na sauti ile kwenye chupa ilikuwa kubwa, hakuna pazia liwezalo kuizuia. Sijapata kuona haya vile maishani mwangu. Nilifikiria saa ya msikiti, mara zote nilizokwenda kuitazama, na nikajua kuwa yeye hakuwa na saa ya kwenda kutazama.

Nilimfunika. Nikaifunika na chupa, kwa ukurasa wa siasa, nikasimama nayo mkononi, ya moto, sijui kama niondoke au niage.

"Ile amari," akasema. Alikuwa bado anatazama dari. "Ya Mbaraki. Ilikatika?"

Miaka ilikuwa imepita.

"Haikukatika, Baba."

"Nalijua siku ile ile. Bahari ilikuwa shwari wiki nzima." Akaigeuza kalamu kifuani. "Na zumaridi kwenye saruji."

"Mbona Baba hakusema?"

Hapakuwa na kahawa ya kunywa wala kunguru wa kungoja.

"Naliona haya," akasema.

Nikaenda kumwaga ile chupa, nikaiosha mara mbili zaidi ya inavyohitaji. Niliporudi gazeti lilikuwa limesukumwa mpaka ukingo wa kitanda, upande wangu, na kalamu yake ya risasi iko juu yake. Nikaichukua. Ilikuwa fupi na nyepesi, imechongwa vizuri.

"La tano mlalo," akasema mkwe wangu. "Na usinipe habari za Mbaraki."